Usinichagulie Karata

Wanawake wengine hupendea macho, wengine sauti, na wengine, tusifichane, hupendea gari. Evaresta alimpendea Gidion mikono. Si kwamba ilikuwa mizuri. Ilikuwa mirefu na mikavu, mikono ya mtu aliyekua akichunga kwenye upepo. Lakini siku ya kwanza alipomwona akipanga karata za mchezo juu ya meza ya Violet, akizigonga kingo taratibu mpaka zikalingana, alijisemea moyoni kwamba mwanaume anayeshika karatasi kwa adabu namna hii hawezi kumshika mtu vibaya.

Jumapili hii mikono hiyo ilikuwa imechelewa.

Walikuwa nyumbani kwa Violet na Oscar, pale Sakina, nyuma kidogo ya barabara ya Nairobi. Violet alikuwa rafiki wa Evaresta tangu sekondari. Oscar, mumewe, alikuwa fundi magari na binamu yake Gidion, na nyumba hiyo ndiyo iliyowakutanisha wawili hawa. Kila Jumapili, Wakatoliki wakitoka misa na Walutheri wakitoka ibada, wanne hao walikula pamoja, wakaondoa sahani, wakatandaza mchezo wao.

Waliuita Ngome. Mzungu mmoja aliyewahi kujitolea kufundisha chuo cha Makumira ndiye aliyemwachia Gidion mchezo huo wakati anarudi kwao, maana Gidion alifanya kazi maktaba ya chuo na ni yeye peke yake aliyekuwa na subira ya kusoma kitabu cha sheria mpaka ukurasa wa mwisho. Katika Ngome hakuna adui kati ya wachezaji. Wote ni walinzi wa mji mmoja ulioko mlimani, balaa zinawajia kutoka kwenye ukungu, na ama mnaokoka wote ama mnaangamia wote. Kila mtu kwa zamu yake anachota karata ya balaa, kisha karata ya msaada, halafu wote wanashauriana cha kufanya. Gidion alikuwa amezitafsiri karata zote, akabandika juu ya kila moja kikaratasi chenye Kiswahili chake kilichonyooka.

Tabu ilikuwa maboksi ya nyongeza. Yule mzungu aliwatumia boksi la Mto, akaja akatuma la Msitu. La Soko, Oscar alilikuta sokoni Kilombero kwa wauza mitumba, limelala chini ya viatu vya watoto. Kila boksi lilikuja na balaa zake na misaada yake, na maboksi hayo hayajuani. Ukiyamwaga yote pamoja, mafuriko ya Mto yanawajia mfululizo huku mitumbwi yote imekaa chini kabisa ya fungu. Kwa hiyo kila wiki Gidion ndiye aliyepima: achukue kiasi gani cha Mto, apunguze kiasi gani cha Msitu, balaa na msaada vipungue kwa pamoja. Alitia kila karata nukta ya wino pembeni ili baada ya mchezo irudi kwao. Na kwa kuwa migongo ya karata za mitumba ilikuwa imepauka, watu wakazitambua kabla hazijafunuliwa, Violet alishona mifuko miwili ya kitenge. Mkono uliingia humo bila macho.

Na walikuwa wanashinda. Tangu Pasaka hawakuwa wameshindwa, na Oscar alishaanza kuwatambia mafundi wenzake kwa mchezo ambao hakuna hata mmoja wao aliyeuelewa.

"Tuanze kupanga wenyewe," Violet alisema. "Akija akute mezani pameiva."

"Atasema tumeharibu vipimo vyake."

"Aseme. Amechelewa."

Evaresta alitabasamu kidogo. Ukweli ni kwamba alihitaji kitu cha kushika. Asubuhi ile, kabla ya misa, baba yake, Mzee Rodrick, alimwita sebuleni kwao Sokon I akamwambia maneno machache kwa upole, na upole wa baba yake ndio uliomtisha. Wazee wa posa wa upande wa Gidion walitarajiwa mara ya kwanza baada ya Pasaka. Mama yake Evaresta alimenya ndizi tangu alfajiri, baba zake wadogo wakashuka kutoka Kibosho wamevaa makoti, viti vikaazimwa kwa jirani. Saa sita Gidion akapiga simu: mjomba ameugua. Mara ya pili mtori wa ndizi ulikuwa tayari mezani simu ilipoita: mvua imekata barabara. Sasa ilikuwa mwezi wa saba, baridi kavu, hakuna mvua, na sababu ilikuwa mavuno.

"Mwanangu," baba yake alisema, "mwanaume anayekutaka hana mvua. Muulize leo. Ukirudi jioni unipe jibu moja, waje au wasije. Mama yako hawezi kuendelea kupikia viti vitupu."

Hilo ndilo jibu Evaresta alilokuja kulitafuta kwa Violet, akiwa amevaa sweta la bluu ambalo Gidion alilipenda.

Alifungua boksi la Msitu, akatoa mafungu, akanyanyua ubao uliokunjwa ili aone kama kuna karata iliyoteleza. Chini ya ubao palikuwa na mfuko wa mkate uliofungwa kwa mpira. Ndani ya mfuko mlikuwa na karata.

"Hizi ni zile anazopunguza," Violet alisema.

"Labda."

Evaresta alizitandaza. Nukta nyekundu, nukta ya bluu, ya kijani, nyeusi. Zilitoka kila boksi. Njaa. Kisima Kimetiwa Sumu. Daraja Limekatika. Homa ya Watoto. Alizisoma moja baada ya nyingine, na kila alivyosoma ndivyo mkono wake ulivyozidi kupungua mwendo.

"Violet, anapopunguza, anapunguza balaa na msaada pamoja. Si ndivyo anavyotufundisha kila siku?"

"Ndiyo."

"Hapa hakuna msaada hata mmoja."

Karata ya mwisho ilisema Mwenzi Ameondoka. Aliyeichota hupoteza mlinzi aliyesimama karibu naye. Mlinzi huyo anatoka mjini bila kuaga, wala harudi. Evaresta aliikumbuka vizuri. Aliichota wakati wa Kwaresma, akacheka pamoja na wenzake, akasimama na kwenda jikoni kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Oscar na Violet hawakuona kitu. Gidion tu ndiye aliyegeuza shingo akamtazama mpaka mlangoni. Tangu siku ile karata hiyo haikuonekana tena, na yeye, mjinga wa mapenzi, alidhani ni bahati.

Oscar aliingia na chupa za soda, akaona meza, akasikia maelezo ya mkewe. Alikaa chini pole pole.

"Subirini," alisema. "Kwa hiyo sisi siyo mabingwa?"

"Sisi ni mabingwa wa karata nyepesi," Violet alimjibu.

"Ushindi wote ule magumashi? Aisee. Na nimeshamwambia hadi bosi."

Violet alicheka mpaka akashika meza. Evaresta hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu nyingine, na hesabu hiyo haikuhusu mchezo.

Gidion alifika akipuliza viganja kwa baridi. Alisalimia mlangoni, akavua kofia, akamtafuta Evaresta kwa macho kama kawaida yake kabla hajamtazama mtu mwingine. Halafu akauona mfuko wa mkate. Alisimama pale pale na kofia mkononi.

"Gidi," Evaresta alisema, "tutoke nje kidogo."

Nyuma ya nyumba palikuwa na kibaraza, kamba ya nguo na ua mdogo wa sukuma wiki. Mlima Meru ulikuwa umejifunika, unaonekana miguu tu. Mabasi ya Namanga yalinguruma barabarani. Evaresta alikaa kwenye benchi na Gidion akakaa pembeni yake, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nieleze," Evaresta alisema.

"Ni vipimo." Alijikohoza. "Ukichanganya maboksi manne, balaa kubwa zinajikusanya. Kila boksi lilitengenezwa liwe na balaa kubwa mbili tatu, mchezo upate kuuma. Ukiweka zote nne pamoja, zinakuwa nyingi kuliko mji unavyoweza kubeba. Lazima mtu achuje."

"Hilo naelewa. Mtu anachuja, wenzake wakiona. Wewe ulichuja ukaficha."

Gidion alikwangua benchi kwa ukucha.

"Mwenzi Ameondoka iko moja tu katika maboksi yote. Haijikusanyi na kitu. Uliitoa kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

"Nataka useme."

"Kwa sababu ulikwenda kuosha vikombe." Sauti yake ilikuwa chini. "Nilikuona bega linatetemeka. Sikujua kilichokuuma na sikuthubutu kuuliza. Nikasema, kama ni karata, karata naiweza. Nikaitoa. Wiki iliyofuata nikaona Njaa imekukunja uso, nikaitoa nayo. Baadaye nikawa nazitoa hata kabla hujazikunjia uso."

Ukisikia maneno kama hayo kutoka kwa mwanaume unayempenda, moyo unalegea, na wa Evaresta ulilegea. Alitamani kuziba ile nafasi ya mtu mmoja, aegemeze kichwa begani pake, yaishe. Ingekuwa rahisi sana. Mikono ile ilikuwa imelala magotini, na alilijua joto lake.

Lakini jioni ilikuwa inamsubiri, na baba yake sebuleni.

"Mjomba aliugua kweli?" aliuliza.

Gidion alitikisa kichwa, akiangalia viatu vyake.

"Na barabara? Ilikatika?"

"Ilinyesha," alisema. "Haikukatika."

"Na mavuno?"

"Tumeshavuna."

Evaresta alivuta pumzi ndefu ya baridi. Alikuwa amejiandaa kusikia uongo, akajikuta hakuwa amejiandaa kusikia ukweli unatoka kirahisi hivyo.

"Baba zangu wadogo walivaa makoti, Gidi. Walikaa kwenye viti vya kuazima mpaka saa kumi. Mama alipakua mtori akaugawa kwa majirani, anacheka cheka ili nisione uso wake. Mimi nikakutetea. Nikasema, jamani, mtu ana mgonjwa."

"Najua."

"Hujui. Wewe uliitoa hiyo karata mapema ili mimi nisiione, mimi nikaja kuiona yote kwetu. Nani amenikataa?"

"Evaresta."

"Nani?"

"Mama."

Basi moja lilipiga honi barabarani, watu wakagombana juu ya mzigo, basi likaondoka. Evaresta alisubiri mpaka kelele zikaisha.

"Alisemaje? Usinifupishie. Maneno yake kama alivyoyasema."

"Hayana faida."

"Nakupenda," Evaresta alisema, "na leo ndiyo naona kwamba kukupenda hakutoshi. Mwanaume akianza kunichagulia ya kusikia kabla hajanioa, akishanioa nitakuwa naishi na mtu nisiyemjua katika nyumba nisiyoijua. Usinichagulie karata, Gidi. Nichotee zote. Nikishindwa, nitashindwa na wewe ukiwa pembeni yangu. Sasa sema, au niingie ndani nichukue mkoba wangu."

Gidion aliikunja kofia, akaikunjua.

"Alisema Mchaga atahesabu ng'ombe zetu kabla hajahesabu watoto."

Evaresta alimtazama, akaanza kucheka. Hakupenda kucheka, kicheko kilimtoka.

"Hilo tu? Shangazi yangu kasema Mmasai atanihamisha nikalale na mbuzi. Mbona hilo tunalo pande zote mbili?"

"Kuna lingine."

"Lete."

Gidion aliiweka kofia gotini.

"Alisikia kwamba ulishawahi kuchumbiwa, ukaachwa. Akasema hawezi kutuma wazee kwa binti aliyeachwa, bila kujua kwa nini aliachwa."

Hilo halikuchekesha. Evaresta aliiangalia sukuma wiki mpaka majani yakawa ukungu mtupu, akapangusa macho kwa mkono wa sweta.

"Ukamjibu nini?"

"Niliondoka. Nilikasirika. Sikurudi kwake karibu mwezi."

"Gidi, hilo siyo kukataa. Hilo ni swali."

"Ni tusi."

"Ni swali lenye tusi ndani yake. Na jibu lake ninalo mimi, wewe huna. Hujawahi hata kuniuliza." Alisimama, akakung'uta sketi. "Oscar atatuazima pikapu?"

"Twende wapi?"

"Kwa mama yako. Jua bado liko juu."

"Leo? Hajui kama unakuja. Evaresta, humjui mama yangu, akianza kusema..."

Aliishia hapo, maana Evaresta alikuwa anamtazama tu, na hata yeye mwenyewe alisikia anachokifanya.

"Sawa," alisema. "Naenda kuomba funguo kwa Oscar."

Kwao Gidion ni upande wa magharibi wa mlima, ambako migomba inaisha na mahindi yanaanza, halafu mahindi nayo yanawaachia ng'ombe nafasi. Njiani hawakusema mengi. Mara moja tu, walipokuwa wamesimama kupisha kundi la mbuzi, Gidion aliondoa mkono kwenye gia akauweka juu ya mkono wa Evaresta. Hakuurudisha mpaka mbuzi wa mwisho alipopita.

Mama yake, Namnyaki, alikuwa mjane mfupi, mnyoofu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na kweli aliiongoza kwa miaka mingi pale usharikani kwao. Walimkuta uani akipukuchua mahindi juu ya turubai, amejifunga shuka juu ya gauni. Aliiangalia pikapu, akamwangalia mwanaye, akamwangalia msichana. Mahindi yaliendelea kudondoka mkononi mwake.

Evaresta alikuwa ameshaelezwa siku nyingi jinsi vijana wa kule wanavyowasalimia wakubwa zao: unainamisha kichwa, mkubwa anakigusa. Asipokigusa, hujasalimiwa. Alisogea mpaka ukingoni mwa turubai, akainama.

"Takwenya, yeyo," alisema, akimwamkia mama kwa Kimaa.

Alianza kuhesabu nyuzi za turubai. Halafu vidole viwili vyenye unga unga wa mahindi vikamgusa utosini haraka, kama anayejaribu pasi kama imepata moto.

"Iko," mama aliitikia. "Kaa. Gidion, lete kigoda. Na ile chai ipo jikoni."

Walikaa. Chai ilikuwa nzito ya maziwa. Mama hakuzunguka.

"Wewe ndiye Evaresta wa Sokon."

"Ndimi, yeyo. Nimekuja bila kualikwa, nisamehe. Nimesikia leo kwamba ulikuwa na swali kuhusu mimi."

"Leo?" Mama alimtupia mwanaye jicho. "Nililiuliza wakati wa kupanda."

"Limenifikia leo."

"Na lile la ng'ombe, limekufikia?"

"Limenifikia."

"Lile nililisema kweli. Sikatai."

"Yeyo, mimi nimekulia mjini, baba yangu anauza vifaa vya ujenzi. Ng'ombe wako na wa jirani siwezi hata kuwatofautisha."

Mama aliangalia pembeni. Gidion, aliyemjua, aliona kwamba anauzuia mdomo wake usicheke.

"Basi nijibu lile kubwa," mama alisema. "Yule wa kwanza alikuacha kwa nini?"

Evaresta aliweka kikombe chini. Alikuwa hajawahi kulisimulia jambo hili kwa mtu yeyote, hata Violet alipata vipande tu. Alimwangalia mama, hakumwangalia Gidion.

"Kwetu Wakatoliki, ndoa inatangazwa kanisani Jumapili tatu kabla ya kufungwa. Jumapili moja nilikaa benchi la mbele na mama yangu. Padri akafungua matangazo, akasoma jina la mchumba wangu. Mimi nikatabasamu. Nikasema, kumbe amekwenda kutuandikisha kimya kimya, anataka kunishtua. Mama akanibana mkono kwa furaha. Halafu padri akasoma jina la bibi harusi, na halikuwa langu."

Mahindi yalikoma kudondoka.

"Sikutoka. Nilikaa mpaka misa ikaisha, watu wananiangalia mgongoni. Baadaye nikaja kuambiwa kwamba kwao walinikataa mwaka mzima nyuma. Yeye alijua. Mwaka mzima ananiletea matunda, ananiuliza nataka harusi mwezi gani. Hakutaka kuniumiza, ndivyo alivyosema. Kwa hiyo swali lako, yeyo, siwezi kulijibu sawasawa. Kwa nini niliachwa, sijui mpaka leo. Hakuna aliyewahi kuniambia. Ninachokijua ni kwamba kanisa zima lilijua kabla yangu."

Gidion alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na birika mkononi. Aliliweka chini kwa uangalifu mkubwa kuliko ulivyohitajika. Uso wake ulikuwa umekauka. Alikuwa anaona viti vya kuazima, makoti, mtori unaogawiwa kwa majirani, na yeye mwenyewe upande wa pili wa simu, akiongea kwa upole.

Mama alimgeukia, akasema maneno machache kwa Kimaa. Hakupandisha sauti. Gidion aliinamisha kichwa.

"Amesema nini?" Evaresta aliuliza.

Hapo, msomaji, mwanaume yule alikuwa na nafasi yake. Ungemwona namna alivyofungua mdomo, akaufunga, akatafuta neno laini la kuweka mahali pa lile gumu. Kisha akaliacha.

"Amesema mimi ni mwoga. Amesema baba yangu naye alikuwa mwoga vile vile, kila balaa anamficha yeye, na kwamba siku baba alipokufa ndipo yeye alipogundua mifugo nusu si yetu. Amesema alichoka kuishi na mtu mwema."

"Nimesema hivyo," mama alithibitisha. Alijipangusa mikono kwenye shuka. "Sasa wewe, binti. Umeshamjua. Bado unamtaka?"

Evaresta alimwangalia Gidion kwa mara ya kwanza tangu waingie uani. Alimwangalia kwa muda, na yeye hakukwepa. Mapenzi hayakuwa yamepungua hata kidogo, na hilo lilimuudhi.

"Namtaka," alisema. "Ila habari mbaya zinifikie kwa mdomo wake, kabla hazijamfikia mtu mwingine yeyote. Akishindwa hilo, sitamtaka tena, hata mkinibembeleza ukoo mzima."

"Umesikia?" mama alimwuliza mwanaye.

"Nimesikia." Gidion alikuja akachuchumaa mbele ya kigoda cha Evaresta, mikono ile mirefu ikining'inia katikati ya magoti. "Basi kuna moja. Sikuwa nimepanga kukuambia leo. Sikuwa nimepanga kukuambia kabisa."

"Sema."

"Baba mdogo Lomayani. Tangu baba afariki, yeye ndiye anayeongoza wazee wa posa. Bila yeye hakuna mzee atakayeshuka Sokon, hata mama akubali. Nilimwendea mwezi uliopita, na hakuuliza swali kama mama. Yeye amekataa. Alisema mkeo akiwa mtu wa Roma, hata mazishi yako watu watagombania. Akanifungia mlango."

Evaresta alisubiri maumivu, yakaja, yakakaa mahali pake. Alishangaa kuona kwamba anaweza kuyabeba. Mbele yake Gidion alikuwa anahema kama mtu aliyetua gunia, macho yake yamemganda usoni, hayaombi kitu.

"Hiyo ndiyo ya mwisho?"

"Kwa leo ndiyo zote ninazozijua."

"Anakaa wapi huyo baba mdogo?"

Gidion alinyoosha kidole. Ng'ambo ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa lilionekana paa la bati jipya, na moshi wa jioni ukianza kupanda.

Evaresta alisimama, akamalizia chai yake kwa wima, akavuta sweta likae vizuri. Gidion naye akasimama, akamshika mkono mbele ya mama yake, jambo ambalo halifanywi kule, na wala hakuuachia.

"Twende," Evaresta alisema.

Namnyaki aliisukuma pembeni turubai ya mahindi, akaegemea goti lake akanyanyuka.

"Ngojeni nivae viatu," alisema.